Kaka alikula haki yangu, sasa anataka nimsimamie mwanawe ubatizo

Mama, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, Mwanglikana tangu kwa babu yangu. Umri wangu umeshapita thelathini. Sasa nakaa Unguja, nimepanga chumba Fuoni, na kazi yangu ni kufanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya pwani ya mashariki.

Baba alipofariki alituachia mikarafuu upande wa Mtambwe. Si mingi, lakini ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Utoto wangu wote nimekaa kwenye jamvi na mama tukichambua karafuu usiku, taa ya chemli katikati. Baba akiwa kitandani, hali imeshakuwa mbaya, alisema mbele ya mama na mbele yetu sote wawili kwamba msimu unaokuja ni wangu, kwa sababu nilikuwa nimekubaliwa chuo cha uuguzi. Kaka alikuwepo. Aliitikia.

Arubaini haijafika, kaka akaenda kuikodisha mikarafuu kwa mfanyabiashara. Si kwa msimu mmoja, kwa misimu mitatu, na pesa zote akazipokea mkononi. Mimi na mama tulijua siku wachumaji tusiowafahamu walipoingia shambani na ngazi zao. Nilipomuuliza alinijibu barazani, watu wanasikia, kwamba mimi ni mwanamke, nitaolewa, hiyo elimu itamfaa mume. Pesa akafungulia duka, na duka lenyewe likafa. Chuo kikafunguliwa, wenzangu wakenda, mimi nikapanda boti kuja Unguja kutafuta kazi.

Tangu wakati huo, Mama, maisha yangu hayaendi mbele. Sisemi kwamba nina njaa. Mshahara napata, na akiba nimeweka, hata ada ya kuanzia chuo sasa ninayo mwenyewe. Lakini kila nafasi za masomo zikitangazwa nachukua fomu, naijaza mpaka ukurasa wa mwisho, kisha naiweka kwenye mkoba wa nguo na siipeleki. Amekuja mtu kunichumbia, mtu wa watu, tunasali pamoja, nikamkataa na mpaka leo sijui nimemkatalia nini. Wete sijakanyaga, hata Krismasi. Mama yangu ana presha na miguu inamvimba, na anayemwangalia ni jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu, ambaye hana deni lolote kwetu.

Jumapili nakwenda kanisani Mkunazini. Tukifika kwenye Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, nanyamaza, wenzangu wanaendelea. Mama mmoja wa kanisani aliniona akaniuliza, nikamweleza. Akaniambia, "Samehe usahau, mali hupotea lakini ndugu hapotei." Mwengine akaniambia nina roho ya kukwama, nikafanyiwe maombi ya kufunguliwa. Nilikwenda. Nikawekewa mikono, nikalia sana, nikarudi chumbani nikiwa vilevile.

Sasa kaka amepata mtoto. Amemtuma mama anipigie simu: anataka mimi ndiye nimsimamie mtoto ubatizo. Habari ya mikarafuu hakuitaja. Radhi hakuomba. Mama analia kwenye simu nikubali.

Nikikubali, ndiyo nitakuwa nimesamehe? Nikikataa, Mungu atanihesabia? Na hiki kilichonikaa kifuani kitatoka lini?

Aliyekwama, Fuoni

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na yule mama aliyekwambia usamehe na usahau. Alikutakia kheri, sina shaka. Lakini amekutaka kitu ambacho Bwana hakukutaka. Fungua Mathayo 18, ile habari ya mfalme na mtumwa aliyekuwa na deni. Kabla mfalme hajasamehe chochote, kwanza alifanya hesabu. Deni likatajwa kwa kiasi chake, talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua wa kutwa, basi piga mwenyewe uone kama kuna maisha ya mtu yanayoweza kulipa. Deni likiwa wazi mbele ya wote wawili, ndipo mfalme akalifuta.

Na sehemu ya pili ya habari ile watu huipita mbio. Mtumwa yule alitoka nje akamkamata mwenzake anayemdai dinari mia. Tumezoea kuhubiriwa kwamba dinari mia si kitu. Kwa kibarua ni kazi ya miezi mitatu na zaidi. Yesu hakusema ni kidogo. Alijua kwamba binadamu wanakoseana madeni ya kweli, yanayoumiza, na juu ya madeni hayo ya kweli ndipo akaweka amri ya kusamehe. Kwa hiyo mtu akikwambia jambo lako ni dogo, mali tu, anakunyima hata hicho cha kusamehe. Deni lisilokubaliwa kuwa ni deni haliwezi kufutwa, linabaki linazunguka ndani ya kifua, na huko ndiko unakolisikia wewe.

Unasali Mkunazini, kwa hiyo ninachotaka kukionyesha unakiona kila Jumapili. Pale palikuwa soko la watumwa, mpaka lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliousaini Sultani Barghash. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Wengi katika waumini wa mwanzo wa misheni ile walikuwa wao wenyewe wamekombolewa utumwani. Na altare, kama tunavyosimuliwa, imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Hawakupafukia mahali pale wakaenda kujenga kwengine penye upepo mzuri. Waliiweka meza ya Bwana juu ya palepale palipouma, na nje kwenye bustani zipo sanamu za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni, ili asiwepo wa kusema hayakuwahi kutokea. Unapiga magoti mbele ya altare ile. Hakuna anayekuomba hapo useme kwamba kaka hakukufanyia kitu.

Basi fanya hesabu. Chukua karatasi uandike. Misimu mitatu, na sehemu yako ndani yake. Nafasi ya chuo. Ahadi ya baba iliyovunjwa na mtu aliyeiitikia kwa mdomo wake. Maneno ya barazani, na hayo nayaandika kwa herufi kubwa, maana nahisi ndiyo yaliyokukata kuliko pesa. Usipunguze ili uonekane mwema, wala usizidishe.

Ukishamaliza, fanya kazi uliyoijua tangu utoto: chambua. Karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande huu. Kilicho cha kaka kiwe chake na kilicho chako kiwe chako. Hapa nitasema jambo zito na naomba ulipokee kama kutoka kwa mtu anayekupenda. Mwaka ule wa kwanza, chuo kilipofunguliwa bila wewe, ni wa kaka. Yeye ndiye aliyeufanya na atauulizwa. Fomu za miaka iliyofuata si zake. Ada unayo. Mkono wake haufiki Fuoni. Aliyeiweka fomu kwenye mkoba wa nguo ni wewe.

Kwa nini? Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nitakwambia ninavyoona, wewe upime. Ukenda chuo ukawa muuguzi, ukaolewa na mtu mzuri, watu wa Wete watasema, "Mbona mambo yake yamemnyookea?" Na kaka atajisemea kwamba basi hakuharibu kitu. Lakini ukibaki hapo, unatandika vitanda vya wageni, bila mume, bila cheti, wewe mwenyewe ni ushahidi. Maisha yako umeyafanya hati ya mashtaka, na unaogopa yakitengenea kesi itafutwa. Kama ndivyo, mwanangu, sikulaumu, kwa kuwa hukupata hata mtu mmoja wa kusimama barazani siku ile akasema "umemdhulumu." Ukalibeba jukumu la kusema hivyo kila siku kwa kukaa palepale. Mimi nalisema sasa, kwa maandishi: ulidhulumiwa. Na Mungu aliyasikia maneno ya baba yako kitandani na ya kaka yako barazani. Ushahidi uko mahali salama, huna haja ya kuulinda kwa maisha yako. "Kisasi ni juu yangu mimi," anasema katika Warumi 12. Mtu anayeyaamini maneno hayo anaweza kuondoka mahakamani.

Yohana sura ya tano kuna mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38, amelala penye birika la Bethzatha. Yesu alimwuliza, "Wataka kuwa mzima?" Mtu yule hakujibu ndiyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijaribu mwengine hushuka mbele yake. Yumkini yalikuwa kweli tupu. Yesu hakubishana naye hata kidogo, wala hakuanza kuwatafuta waliomtangulia. Alimwambia asimame, ajitwike godoro lake, aende. Nakuomba ulichukue swali lile lile ukalijibu peke yako, chumbani, bila kumtaja kaka ndani ya jibu. Litakuwa gumu kuliko unavyodhani.

Kuhusu maombi ya kufunguliwa, mimi si mtu wa kuyadharau maombi. Waliokuwekea mikono walifanya kwa imani. Ila kuna deni ulilolishika wewe mkononi, na hakuna mtu wa pembeni anayeweza kulifuta kwa niaba yako, hata akemee mpaka alfajiri. Na hilo jina la "roho ya kukwama" usilivae. Una jeraha, na una hasira yenye sababu. Hasira hiyo ipeleke kwa Mungu kama ilivyo. Zaburi ya 55 imeandikwa na mtu aliyesalitiwa na wa karibu yake, anasema angekuwa adui angevumilia, bali ni wewe, rafiki yangu, tuliyekuwa tukitembea pamoja nyumbani mwa Mungu. Isome kwa sauti, hata yale maneno makali. Kisha omba nafasi na padri kwa kitubio. Huko huendi kumshitaki kaka, unakwenda na yako: chuki uliyoilea, na mama uliyemwachia jirani. Hili la mama linakuuma, ndiyo maana uliliandika. Padri hatalitoa nje.

Siku utakayokuwa tayari, na usingoje mpaka usikie raha moyoni maana raha huchelewa, ishike ile karatasi mbele za Mungu useme kwa mdomo: "Bwana, haya ndiyo aliyonikosea kaka yangu. Simdai tena kwa chuki. Nakukabidhi wewe." Wiki ijayo utaamka na hasira ileile, pengine ukiwa unakunja shuka. Usidhani umeshindwa. Petro aliambiwa saba mara sabini, na mimi naamini nyingine katika hizo ni kwa kosa lilelile moja likirudi. Unasema tena. Na Jumapili, kwenye Baba Yetu, ukiweza kuutamka mstari ule kwa sauti ndogo tu, utamke.

Sasa nije kwa kaka, maana kusamehe ni jambo moja na kuaminiana ni jengine. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, lakini waliposhuka Misri hakukimbilia kuwakumbatia. Aliwapa nafaka, akawarudishia fedha zao kwa siri ndani ya magunia, na papo hapo akamzuia Simeoni na kutaka waje na Benyamini. Alitaka kwanza kujua kama ni watu walewale waliomwuza. Ni pale Yuda aliposimama akajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo Yusufu akalia kwa sauti akajitambulisha. Kwa hiyo ukishamsamehe kaka huna wajibu wa kumpa akiba yako aihifadhi, wala kutia saini karatasi yoyote anayokuletea.

Wala haki yako haifi kwa kuwa umesamehe. Misimu mitatu iliyopita unaweza kuifuta, hiyo imeliwa na imekwisha. Sehemu yako katika mikarafuu yenyewe, na sehemu ya mama, ni kitu chengine kabisa. Hukuniambia misimu ile ilipokwisha nani anavuna, na kunyamaza kwako hapo kumenitia wasiwasi. Ombeni mgao uandikwe, mbele ya wazee, na sheha, kiongozi wa shehia yenu, ajue. Kukiwa na ugumu, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba, watakuelekeza. Mkristo kudai haki yake kwa utulivu si kukosa msamaha, na usikubali mtu akutishe kwa Biblia juu ya hilo.

Ubatizo. Mtoto hakuchuma hata karafuu moja ya baba yenu. Hana deni. Lakini ukikubali kwa sababu tu mama analia, utasimama pale penye maji ukimkataa Shetani na kazi zake zote kwa niaba ya mtoto huku umemshikilia baba yake kooni, na hilo halimfai yeyote. Mathayo 18 hiyohiyo imetupa utaratibu: nduguyo akikukosa, enenda, wewe na yeye peke yenu. Si kwa simu, si kupitia kwa mama, wala si siku ya sherehe mbele ya pilau. Omba likizo, uende Wete siku kadhaa kabla. Fikia kwa mama, lala kwake, mkande miguu. Mchukulie jirani yule doti ya kanga ukamshukuru kwa mdomo wako, maana amekufanyia kazi ya mtoto wa nyumba. Halafu mwite kaka mkae kitako.

Sema machache. "Kaka, baba alisema msimu ule ni wangu, na wewe uliitikia. Ukaikodisha mikarafuu, ukanidhalilisha barazani. Nimekosa chuo. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu kwamba liliniumiza, na kwamba nimekusamehe." Kisha nyamaza umwache aseme.

Inawezekana alitamani siku hii muda mrefu. Mtu anayemwomba dada aliyemdhulumu amsimamie mwanawe, bila kutaja kosa, mara nyingi anaomba radhi kwa njia ya kuzunguka kwa sababu ya aibu. Simtetei. Njia fupi ilikuwepo na anaijua: amekulia Pemba, kila mwaka kabla ya Ramadhani anawaona majirani wakipigiana hodi kutakana radhi, na anayekwenda Hija huzunguka mtaa mzima. Hakuhitaji kufundishwa. Akikuomba radhi, mpe, na mshike mtoto kwa furaha. Akigeuka mkali, au akasema mambo yalipita, usibishane. Msamaha wako ulishatolewa mbele za Mungu, haumngojei yeye. Upatanisho ndio unaomngoja, na huo unaweza kuchukua miaka, pengine usifike. "Kama yamkini, kwa upande wenu," ndivyo Paulo alivyosema, akijua kwamba upande wa pili si wetu. Hata hapo mimi ningemsimamia yule mtoto, kwa ajili yake mwenyewe. Lakini ukiona huwezi, mwambie padri wa Wete kwa uwazi kabla ya siku. Mungu hatakuhesabia kwa kukataa ahadi usiyoweza kuitimiza.

Fomu isingoje safari ya Wete. Nafasi zikitangazwa tena, ipeleke, kwa mkono wako, ndani ya wiki ya kwanza. Ukikosa mwaka huu utaomba mwaka ujao, na hapo utakuwa umekosa kama wanavyokosa watu wengine, jambo ambalo linavumilika. Kuhusu yule mchumba sina mengi. Kama bado hajaoa na moyo wako unamkumbuka, kuna mtu wa kanisani anayeweza kufikisha neno.

Ukirudi kutoka Pemba niandikie. Hasa niambie nani anavuna mikarafuu sasa, kwa sababu kama ni kaka peke yake, inabidi lile la mgao lifanyike kabla wachumaji hawajaanza kupanda ngazi msimu huu.